Usiamini jina la faili peke yake: jinsi ya kusoma yaliyomo kwa xxd na od

Umetumiwa faili kwenye WhatsApp. Jina lake linasema ni fomu ya masomo, lakini halifunguki. Au umeskani cheti chako cha shule Mbarara, ukarudi Nakivale na flashi mfukoni, na sasa kompyuta inakuambia faili limeharibika. Au kuna mtu kwenye kundi lenu amesambaza "fomu ya kwenda Canada" na watu wameanza kuibofya. Katika hali zote hizi unahitaji kujibu swali moja kabla ya kulipa nauli, kumlipa fundi au kubofya: hili faili ni kitu gani hasa?

Makala hii inakuonyesha jinsi ya kupata jibu hilo mwenyewe, kwa kuangalia baiti ghafi za faili katika tarakimu za heksadesimali. Huhitaji kuwa mhandisi wala kuwa na intaneti wakati wa kuangalia. Unahitaji kompyuta yoyote, au simu ya Android, na dakika chache za mazoezi.

Kwa nini jina halitoshi

Kila faili lina jina, na jina mara nyingi lina mkia: .pdf, .jpg, .docx, .mp3. Simu na kompyuta huutumia mkia huo kuamua ni programu ipi ifungue faili. Lakini mkia ni maandishi tu, kama karatasi iliyobandikwa juu ya gunia. Ukichukua gunia la mahindi ukabandika karatasi iliyoandikwa "mchele", mahindi yatabaki mahindi. Vivyo hivyo, ukibadilisha jina la picha.heic kuwa picha.jpg, hakuna baiti hata moja ndani ya faili iliyobadilika.

Waswahili wanaonya usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kwa mafaili, kufungua gunia maana yake ni kutazama baiti za mwanzo. Aina nyingi za mafaili huanza na alama maalumu iliyowekwa na programu iliyoyatengeneza. PDF huanza kwa alama yake, picha ya JPEG kwa yake, programu ya Windows kwa yake. Ukiijua alama, unajua faili ni la aina gani, hata kama jina linasema jambo lingine.

Baiti na heksadesimali kwa maneno machache

Kompyuta huhifadhi kila kitu kama namba: barua, picha, sauti. Namba hizo hupangwa katika vipande vinavyoitwa baiti. Baiti moja ina biti 8, na inaweza kuwa na thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255.

Kuandika 0 hadi 255 kwa namba zetu za kawaida kunachanganya, kwa sababu nyingine zina tarakimu moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Ndiyo maana mafundi hutumia heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita. Tarakimu zake ni 0 hadi 9, kisha a, b, c, d, e na f, ambapo a ni 10 na f ni 15. Kwa njia hii kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili tu: ndogo kabisa ni 00, kubwa kabisa ni ff.

Chukua 4e. Tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa 16: 4 mara 16 ni 64. Unaongeza ya pili, e, ambayo ni 14. Jumla ni 78. Katika jedwali la herufi la ASCII, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na ambalo bado linatumika, 78 ni herufi N kubwa. Huna haja ya kupiga hesabu hii kila mara. Kazi yako itakuwa kulinganisha alama, kama unavyolinganisha namba ya kadi na namba iliyo kwenye orodha.

Programu unayohitaji

Programu ya xxd iliandikwa na Juergen Weigert mwaka 1990. Huonyesha baiti za faili upande mmoja na herufi zake upande mwingine. Kompyuta nyingi za Linux na zote za Mac za sasa tayari zinayo. Kama unatumia Ubuntu na haipo, andika amri hii kwenye terminali:

    sudo apt install xxd

Programu ya od ni ya zamani zaidi: ilikuwepo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971. Kazi yake ni ileile.

Kwenye simu ya Android, sakinisha programu ya bure iitwayo Termux kutoka F-Droid. Ndani yake od tayari ipo. Ukiifungua mara ya kwanza, ipe ruhusa ya kuona mafaili ya simu, kisha nenda kwenye folda ya vitu ulivyopakua:

    termux-setup-storage
    cd ~/storage/downloads
    ls

Amri ya mwisho, ls, inakuonyesha majina ya mafaili yaliyomo. Faili la WhatsApp lihamishie kwanza kwenye folda hiyo kwa kutumia programu ya mafaili ya simu yako, bila kulibofya ili lifunguke.

Kwenye Windows, fungua PowerShell na uandike:

    Format-Hex .\fomu.pdf | Select-Object -First 2

Mifano inayofuata inatumia xxd. Mwenye Termux aandike od -A x -t x1z mahali pa xxd -g 1, na -N mahali pa -l. Kwa mfano, amri hizi mbili zinafanya kazi moja:

    xxd -g 1 -l 32 fomu.pdf
    od -A x -t x1z -N 32 fomu.pdf

Zote zinasema: nionyeshe baiti 32 za kwanza za faili hili, baiti mojamoja. Kuweka kikomo ni muhimu. Bila kikomo, faili kubwa litamwaga maelfu ya mistari kwenye skrini.

Zoezi la kwanza

Anza na faili unalolijua. Tengeneza dogo lenye maneno matatu, kisha litazame:

    printf 'Habari za Nakivale\n' > jaribio.txt
    xxd -g 1 jaribio.txt

Utaona hivi:

    00000000: 48 61 62 61 72 69 20 7a 61 20 4e 61 6b 69 76 61  Habari za Nakiva
    00000010: 6c 65 0a                                         le.

Soma safu tatu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Safu ya kwanza ni mahali ulipo ndani ya faili. Mstari wa kwanza unaanzia baiti ya 0. Mstari wa pili unaanzia 10, ambayo kwa heksadesimali ni kumi na sita, kwa sababu kila mstari una baiti 16.

Safu ya kati ni baiti zenyewe. 48 ni H, 61 ni a, 20 ni nafasi kati ya maneno. Tazama 61 inavyojirudia kila palipo na a. Mwishoni kuna 0a, alama ya kumaliza mstari. Haionekani ukisoma maandishi kwa kawaida, lakini ipo na inahesabiwa: faili lina baiti 19.

Safu ya kulia ni herufi. Baiti isiyo na herufi ya kawaida huwekewa nukta. Kwa hiyo nukta unayoiona baada ya "le" ni ile 0a, haikuandikwa na mtu.

Ukielewa mistari hii miwili, umeelewa xxd. Kilichobaki ni kujua alama.

Alama za mafaili unayokutana nayo mara nyingi

Nakili orodha hii kwenye daftari. Hizi ni baiti za mwanzo wa faili, isipokuwa palipoelezwa vingine.

PDF: 25 50 44 46. Kwenye safu ya herufi utasoma %PDF, ikifuatwa na namba ya toleo.

Picha ya JPEG: ff d8 ff.

Picha ya PNG: 89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a. Utasoma PNG kuanzia herufi ya pili.

Picha ya HEIC, inayopigwa na simu nyingi za iPhone: kuanzia baiti ya tano utaona 66 74 79 70, yaani ftyp, na mara nyingi neno heic baada yake. Video ya MP4 nayo ina ftyp mahali hapohapo, ila neno linalofuata ni tofauti.

Sauti za WhatsApp zilizorekodiwa: 4f 67 67 53, yaani OggS.

ZIP: 50 4b 03 04, yaani PK, herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyeunda mfumo huo. Kumbuka jambo hili: DOCX na XLSX za Microsoft, na APK, yaani programu za kusakinisha kwenye Android, zote ni ZIP kwa ndani. Zote huanza na PK.

DOC na XLS za zamani: d0 cf 11 e0. Itazame vizuri: wahandisi walichagua tarakimu zinazofanana na neno "docfile".

Programu ya Windows, EXE: 4d 5a, yaani MZ, herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft.

Njia ya mkato ya Windows, LNK: 4c 00 00 00 01 14 02 00.

Ukurasa wa tovuti: 3c 21 44 4f 43 54 59 50 45, yaani <!DOCTYPE, au 3c 68 74 6d 6c, yaani <html.

Kuna programu nyingine, file, inayokusomea alama hizi na kukupa jibu kwa maneno. Ukiwa nayo, itumie. Lakini nayo hutazama baiti hizihizi, na siku ikisema tu "data" bila maelezo, utarudi kwenye xxd kujionea.

Hali ya kwanza: PDF isiyofunguka

Tuseme umepakua fomu ya ufadhili wa masomo, labda ule wa DAFI ambao UNHCR inausimamia tangu 1992, na siku ya mwisho ya kutuma maombi iko karibu. Fomu haifunguki. Tazama mwanzo wake:

    xxd -g 1 -l 32 fomu.pdf

PDF nzima inaweza kuanza hivi:

    00000000: 25 50 44 46 2d 31 2e 34 0a 25 e2 e3 cf d3 0a 31  %PDF-1.4.%.....1
    00000010: 20 30 20 6f 62 6a 0a 3c 3c 0a 2f 54 79 70 65 20   0 obj.<<./Type 

Lakini wewe unaweza kukuta mojawapo ya haya matatu.

Ukikuta <!DOCTYPE au <html, hukupakua fomu. Ulipakua ukurasa wa tovuti, labda ukurasa wa kuingia kwa neno la siri au taarifa ya mtandao kwamba bando limekwisha, na simu ikauhifadhi kwa jina la fomu. Dawa ni kupakua upya baada ya kuingia au kuongeza bando. Hakuna fundi anayeweza "kutengeneza" faili hilo, kwa sababu fomu haijawahi kuwemo ndani yake.

Ukikuta 00 00 00 00 mstari baada ya mstari, nafasi ya faili ilitengwa lakini yaliyomo hayakuandikwa. Mara nyingi hutokea flashi inapochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kunakili. Rudi kwenye faili la asili kama bado lipo, na safari hii tumia amri ya kuondoa flashi salama kabla ya kuichomoa.

Ukikuta %PDF kama inavyotakiwa, tazama na mwisho:

    tail -c 32 fomu.pdf | xxd -g 1

Karibu na mwisho wa PDF iliyokamilika huwa kuna 25 25 45 4f 46, yaani %%EOF. Kama haipo, inaelekea faili lilikatika njiani. Picha ya JPEG nayo kwa kawaida huishia na ff d9. Mwombe aliyekutumia alitume tena, na mlinganishe ukubwa kwa amri ya ls -l. Yeye akiwa na baiti laki nane na wewe laki tatu, mmepata sababu.

Hii ni muhimu zaidi kwa vyeti. Ukiskani cheti au hati ya familia, usiondoke dukani kabla ya kufungua faili kwenye flashi yenyewe. Kuna vyeti ambavyo huwezi kuomba upya, kwa sababu shule iliyovitoa iko upande wa pili wa vita. Nakala yake moja nzima ina thamani kuliko nauli ya kurudi Mbarara.

Hali ya pili: picha inayokataliwa

Ndugu yako aliye nje amekutumia picha ya pasi au ya mtoto. Tovuti inataka JPG, faili linaitwa picha.jpg, lakini tovuti inalikataa. Tazama baiti za mwanzo. Ukiona ftyp na heic badala ya ff d8 ff, ni picha ya iPhone iliyobadilishwa jina tu. Jina halikugeuza picha. Ifungue kwa programu ya picha inayoisoma HEIC na uihifadhi upya kama JPEG, au mwombe ndugu yako aitume tena kama JPEG.

Hali ya tatu: fomu ambayo si fomu

Hapa ndipo ujuzi huu unaweza kukuokoa kutoka kwa wezi. Matapeli wanajua kwamba wakimbizi wengi wanasubiri habari za kupelekwa nchi ya tatu. Faili linaloitwa kwa jina la fomu linaweza kuwa programu inayosoma ujumbe wako na neno la siri la mobile money.

Kwanza, soma jina lote hadi mwisho. Windows isipobadilishwa mipangilio huficha mkia wa mwisho, hivyo fomu.pdf.exe huonekana kama fomu.pdf. Kisha tazama baiti:

    xxd -g 1 -l 16 "fomu ya canada.pdf.exe"

Ukiona MZ, ni programu ya Windows. Hakuna barua inayoanza na MZ. Ukiona 4c 00 00 00 01 14 02 00, ni njia ya mkato. Flashi zenye virusi huficha folda zako halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye.

Ukiona PK, bado hujamaliza, kwa sababu Word na APK huanza sawa. Majina ya vitu vilivyo ndani ya ZIP huandikwa wazi, kwa hiyo unaweza kuyatafuta:

    grep -c AndroidManifest fomu.docx
    grep -c 'word/' fomu.docx

Kila amri inahesabu mistari yenye neno hilo. Ya kwanza ikitoa namba zaidi ya 0, lichukulie kuwa ni programu ya Android na ulifute. Ya kwanza ikitoa 0 na ya pili zaidi ya 0, inaelekea ni hati ya Word.

Hali ya nne: majina yanayoharibika

Nakivale majina yetu yanatoka mbali: Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea. Mengine yana herufi za Kifaransa zenye alama, mengine huandikwa kwa Kiamhari, Kitigrinya au Kiarabu. Kikundi cha akiba au shule inapotengeneza orodha kwenye kompyuta moja na kuifungua kwenye nyingine, René anaweza kugeuka RenÃ©. Mwenye jina hilo anaweza kuambiwa halifanani na lililo kwenye hati yake.

Baiti zinaonyesha kosa liko wapi:

    printf 'René\n' | xxd -g 1
    00000000: 52 65 6e c3 a9 0a                                Ren...

Katika UTF-8, mfumo wa herufi uliobuniwa mwaka 1992 na unaotumika leo karibu kila mahali, é ni baiti mbili: c3 a9. Katika mfumo wa zamani wa Ulaya Magharibi, é ni baiti moja tu: e9. Programu inayodhani kila baiti ni herufi moja huzisoma c3 a9 kama herufi mbili, Ã na ©. Jina halikukosewa na mwandishi. Limesomwa vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kusahihisha majina mia moja kwa mkono, tazama baiti za jina moja. Ukikuta c3 a9, orodha ni nzima. Iambie programu unayoifungulia itumie UTF-8. Ukikuta e9 peke yake, orodha ni ya mfumo wa zamani, na unaweza kutengeneza nakala mpya:

    iconv -f ISO-8859-1 -t UTF-8 orodha.csv > orodha-mpya.csv

Ukikuta c3 83 c2 a9, kosa limeshahifadhiwa ndani: mtu alifungua orodha kwa mfumo usio sahihi kisha akaihifadhi. Tafuta nakala ya kabla ya hapo.

Herufi za Kiarabu katika UTF-8 huchukua baiti mbilimbili, nyingi zikianza na d8 au d9. Za Kiamhari na Kitigrinya huchukua tatutatu, zikianza na e1. Ukizikuta mahali pa jina, jina bado limo hata kama skrini inaonyesha visanduku vitupu. Ila ukikuta 3f mfululizo, hizo ni alama za kuuliza: herufi zilipotea wakati wa kuhifadhi, na itabidi umwulize mwenye jina.

Hali ya tano: picha inayosema ulipo

Tazama baiti 16 za mwanzo wa picha uliyopiga kwa simu yako:

    xxd -g 1 -l 16 picha.jpg

Ukiona ff d8 ff e1 na kisha neno Exif, picha ina maelezo ya ziada. Yanaweza kuwa aina ya simu, tarehe na saa, na kama simu iliruhusiwa, mahali hasa ilipopigwa. Si kila Exif ina mahali, lakini hutajua kwa kutazama uso wa picha.

Kwa mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta, hili si jambo dogo. Nenda kwenye mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi mahali. Ukituma kwa WhatsApp, jua kwamba picha iliyotumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa na maelezo hayo kuondolewa, lakini ikitumwa kama hati husafiri na kila kitu kilichomo.

Makosa ya kuepuka

Weka jina lenye nafasi ndani ya alama za kunukuu, kama "cheti changu.pdf". Kuna sababu kubwa: ukiipa xxd majina mawili, hulisoma la kwanza na kuandika juu ya la pili. Nafasi moja iliyosahaulika inaweza kuharibu faili.

Fanya kazi kwenye nakala, hasa kwa vyeti. Kutazama hakubadilishi chochote, lakini vidole huteleza.

Usitumie xxd -r kabla hujaielewa. Hiyo hugeuza heksadesimali kuwa faili tena, na ni ya kuhariri, si ya kutazama.

Ukitumia kompyuta ya duka, futa mafaili yako kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka kabla ya kuondoka, na uhakikishe umetoka kwenye akaunti zako.

Mambo ambayo baiti haziwezi kukuambia

Alama sahihi haina maana kwamba faili ni salama kabisa. Alama inaweza kughushiwa, na PDF ya kweli inaweza kubeba kiungo kinachokupeleka kwa mwizi. Alama isiyolingana na jina ni sababu ya kutosha ya kusimama. Alama inayolingana ni ruhusa ya kuendelea kwa uangalifu.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Barua ya uongo iliyoandikwa vizuri ni PDF nzima, yenye %PDF mwanzoni na %%EOF mwishoni. xxd itakuambia kwamba ni PDF. Haitakuambia kama aliyeiandika ni ofisi au tapeli. Swali hilo hujibiwa na watu: ipeleke barua kwenye ofisi ya UNHCR au ya OPM hapa Nakivale, Base Camp, uulize kabla ya kujaza chochote. Na kumbuka kwamba huduma za UNHCR ni bure, pamoja na mchakato wote wa kupelekwa nchi ya tatu. Anayekuomba pesa kwa ajili ya fomu amekwisha kujitambulisha, na huhitaji kutazama baiti za faili lake.

Leo, kabla hujapata tatizo, tengeneza jaribio.txt na ulitazame. Kisha chukua picha moja na PDF moja unazozijua, uone alama zake kwa macho yako. Siku faili la kutilia shaka likiingia kwenye kundi lenu, kabla ya mtu yeyote kubofya, uwepo mmoja anayeweza kusema: "Ngojeni kwanza, nilitazame."